Taa Isizimwe Mpaka Mkaguzi Aione

Katika karakana ile ya magari ya umma, gari likiharibika, swali la kwanza halikuwa limeharibika nini. Swali la kwanza lilikuwa nani alishika usukani. Taa ya dashibodi ikiwaka, dereva aliyekaa pale ndiye mwenye kesi, hata kama alikuwa analitoa tu uani kulisogeza getini. Mafundi walikuwa na mzaha wao: wakiona taa inapepesa wanafungua mlango na kujifanya wanaruka gari likiwa bado linatembea. Madereva hawakuwahi kuucheka mzaha huo.

Mzee Lawama naye hakuucheka. Jina hilo alibandikwa na wenzake hapohapo kazini, naye alilivaa kama alivyovaa ovaroli lake, bila kulipenda na bila kulivua. Tangu afiwe na mkewe, kila kibaya kilikuwa cha wakubwa. Bati likivuja, wakubwa. Sabuni ya kunawia ikiisha, wakubwa. Siku moja alijigonga nyundo kidoleni, na kabla hajakipuliza kidole akawa amekwisha kumtaja Mkuu wa karakana, ambaye wakati huo alikuwa ofisini kwake anakunywa chai. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walicheka huku wakimpisha, maana walijua kilichomchoma. Mkewe alibanwa kifua mchana kweupe, wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki barazani asubiri gari la wagonjwa, na gari la wagonjwa siku hiyo lilikuwa limebeba viti na spika za sherehe ya jamaa wa Mkuu. Lilipokuja kufika, aliyekuwa kitini hakuwa tena mtu wa kukimbizwa.

Aliyekuwa usukanini siku ile ni mdogo wa kiume wa marehemu mwenyewe, wa tumbo moja. Mzee Lawama hakumlaumu hata mara moja, na watu walilishangaa hilo, kwa mtu aliyeweza kumlaumu Mkuu kwa ajili ya nyundo. Alisema shemeji yake alitumwa, na mtu aliyetumwa ni kama gari, linakwenda linakoelekezwa. Baada ya msiba shemeji alihamia kwake na godoro lake na sufuria mbili. Wakaishi hivyo, mgane na shemeji yake, wakipika zamu kwa zamu na kila mmoja akikisifu chakula kibaya cha mwenzake.

Sasa gari hilohilo la wagonjwa lilikuwa limesimama juu ya shimo la karakana, taa ya rangi ya chungwa inawaka kwenye dashibodi, na kesi ilikuwa ya shemeji.

Jana yake lilikuwa linashuka kutoka zahanati ya kilimani, tupu, likakataa kubadilisha gia, ambazo siku zote hujibadilisha zenyewe. Lilijifunga kwenye gia moja kama punda aliyegoma, likatambaa mpaka mjini injini ikilia. Mkuu alilitazama dakika moja akakata shauri: dereva ameiunguza giaboksi kwa kukanyaga mafuta ovyo. Giaboksi ni kitu kikubwa, mtu lazima aibebe. Mkaguzi wa magari angefika alasiri kutoka makao makuu, aione taa, aandike, na dereva aachie ufunguo. Mzee Lawama alikwenda kusimama mbele ya meza ya Mkuu, kofia mkononi, akaomba aruhusiwe kutafuta chanzo kabla ya mkaguzi kufika. Mkuu hakukataa. Alikuwa mtu wa sauti laini, hakuna aliyewahi kumsikia akifoka.

"Tafuta, mzee wangu," alisema. "Ukipata sababu nyingine, mwonyeshe mkaguzi kwa macho yake, taa ikiwa inawaka. Isizimwe mpaka aione. Mimi hadithi sitaki, hadithi zako tumezizoea."

Hivyo ndivyo asubuhi ile ilivyoanza, Mzee Lawama chini ya gari, shemeji juu kwenye kiti na mashine ya kusomea makosa mapajani, ile yenye waya unaochomekwa chini ya usukani. Mashine ilisema oili ya giaboksi inachemka. Lilikuwa joto la kuivisha maharage, kama alivyosema shemeji akisoma namba kwa sauti. Gari lililala hapo usiku kucha. Mzee Lawama aliinua kiganja akakibandika kwenye tumbo la giaboksi. Chuma kilikuwa baridi kama jiwe la kisima.

Akacheka peke yake mle shimoni, kicheko kikavu. Giaboksi nzima. Haikuungua, haikuchemka, haikufanywa kitu. Ni kompyuta ya gari iliyodanganywa. Ikiambiwa oili inachemka, inaifunga giaboksi kwenye gia moja ili isiungue, inawasha taa, basi. Aliyedanganya ni lazima awe sensa ya joto la oili, kile kidude kama boliti yenye mkia wa waya kilichofungwa ubavuni mwa giaboksi. Na sensa zilinunuliwa na nani? Hakuhitaji kufikiri. Jibu lilikuwa limekaa mdomoni tayari tangu mwaka aliofiwa. Wakubwa walinunua vipuri kwenye duka la rafiki yao, vipuri vya kufa kabla ya kuzaliwa, na sasa kipuri kimoja kinataka kumla shemeji yake.

"Sensa yao," alisema akitoka shimoni. "Nilijua. Sensa ya wakubwa."

Akaenda stoo. Kule dirishani alikaa Mama Stoo, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, ambaye alikuwa mlinzi wa kila nati ya mahali pale na pia mpokeaji wa simu za gari la wagonjwa, kwa kuwa simu ya mezani ilikuwa kwake. Alimwambia sensa ipo, ila haitoki bila sahihi ya Mkuu. Mzee Lawama akamwambia sensa hiyo ni ya kuthibitisha wizi wa Mkuu, atawezaje kumwomba Mkuu sahihi. Mama Stoo akamjibu kwamba wezi ndio wanaopenda sana kutia sahihi, aende tu. Akaenda. Akakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Mkuu alikuwa na wageni, kisha akawa na simu, kisha akawa na chai. Mzee Lawama alikaa pale magoti yamekutana, akipanga maneno atakayomwambia mkaguzi. Aliyapanga vizuri. Angeanza na sensa, aende kwenye duka, kutoka duka aende kwenye viti na spika, na kutoka spika aende kwenye kiti cha plastiki barazani. Alitaka yote yaandikwe siku moja. Jua lilipanda juu ya bati yeye akiwa bado anapanga.

Sahihi ilipopatikana, sensa ikatoka. Akaifungua ya zamani kwa spana, oili nyekundu ikamtiririkia kwenye mkono wa ovaroli, akaifunga mpya, akachomeka soketi yake.

"Soma," akasema.

"Inachemka," shemeji akajibu kutoka juu.

"Zima, washa tena."

Gari likazimwa, likawashwa. Inachemka. Mzee Lawama akaitoa ile sensa mpya na kuigeuza mkononi kama mtu anayekagua yai. Mbovu nayo. Duka moja, ubovu mmoja. Akatoka, akavuka uani mpaka kwenye pikapu kuukuu ya maji yenye giaboksi ya aina ileile, iliyokuja na sensa yake kutoka kiwandani, kabla ya duka la rafiki. Akalala kwenye mchanga, akaifungua, akarudi nayo ameikumbatia. Akaifunga. Inachemka.

Akakaa kwenye ngazi ya shimo. Shemeji alishuka, akachuchumaa karibu yake. Hakuwa fundi. Alijua kuendesha, kubeba machela, na kumtuliza mtu anayelia kwa maumivu, basi.

"Shemeji," alisema pole pole, kama anayeogopa kumuudhi, "ukiichomoa kabisa, ukaacha soketi hewani, mashine inasemaje?"

Mzee Lawama alimtazama. Ni jambo la kwanza fundi yeyote hufanya. Sensa ile ikipata joto inalegea na kuupitisha umeme kwa urahisi. Ikiwa baridi inakaza na kuuzuia. Ukiichomoa, umeme haupiti kabisa, na kompyuta inapaswa kuona baridi kali, baridi ya ndani ya friji. Ukichomoa na bado inaona moto, basi sensa haina kosa. Ni waya njiani umegusa bodi la gari na umeme unakimbilia huko. Ni kazi ya kuchomoa soketi tu, mtu angeifanya akiwa anapiga mluzi. Yeye hakuifanya kwa kuwa alikwisha kujua mwenye kosa kabla ya kulijua kosa.

Akachomoa. Akapanda mwenyewe kusoma. Inachemka.

"Waya," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Sasa akafanya kazi kama fundi. Alichomoa na soketi ya pili, ile ya upande wa kompyuta, waya ukabaki peke yake, haujashikwa na kitu huku wala kule. Akaweka ncha moja ya mita ya umeme, ile inayolia umeme ukipata njia, kwenye waya, nyingine kwenye bodi. Mita ikalia. Waya usioshikwa na kitu haupaswi kulia. Akaanza kuufuata kwa vidole, kutoka ubavuni mwa giaboksi, juu nyuma ya injini, ndani ya ala yake nyeusi pamoja na waya wenzake. Kila hatua aliuminya, akautikisa, akamwuliza shemeji aliyeshika mita kama bado inalia. Bado inalia, bado inalia. Mpaka alipofika chini ya betri ya pili.

Betri ya pili haikuja na gari. Gari la wagonjwa linatosheka na moja. Hii ilifungwa kwa amri ya Mkuu, pamoja na kikalio chake cha bati, ili zile spika za sherehe zipige mchana kutwa bila kuzimisha injini, na aliyeifunga ni fundi redio aliyeletwa na Mkuu mwenyewe kutoka nje. Mafundi wa karakana walikatazwa hata kusogea. Mzee Lawama aliingiza mkono chini ya kikalio akapapasa. Alikuta ncha ya skrubu. Ilikuwa ndefu kuliko ilivyotakiwa, imepita bati, imepita ala nyeusi, imezama katikati ya waya. Siku zote gari likitikisika ilikuwa inakula kidogo kidogo, mpaka jana ikafika kwenye shaba.

Aliilegeza nusu mzunguko. Mita ikanyamaza. Akaikaza. Ikalia.

Akarudisha soketi zote mahali pake, akamweka shemeji kwenye mashine. Akalegeza: oili vuguvugu, ya kawaida. Akakaza: inachemka, na taa. Alilegeza na kukaza kama mtoto aliyegundua swichi ya taa ya chumbani. Akamwita Mama Stoo aje aone. Mama Stoo alikuja akivuta kandambili, akatazama, akaweka mikono kiunoni.

"Kwa hiyo muziki wa Mkuu ndio umeziba koo la gari la wagonjwa," alisema.

Mzee Lawama aliikaza skrubu mara ya mwisho, taa ikawaka. Miaka yote alikuwa na lawama tu, maneno matupu ambayo watu waliyacheka kantini. Leo lawama yake ilikuwa na skrubu. Ingeweza kushikwa, kukazwa na kulegezwa mbele ya mtu wa makao makuu. Alifuta mikono, akamwambia shemeji akae mbali na gari, mtu yeyote asiguse. Shemeji aliipiga picha ile skrubu kwa simu yake, kwa tahadhari tu. Kisha wakakaa kivulini kumsubiri mkaguzi, na shemeji, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana, akaomba sigara ingawa hakuwa mvutaji.

Ndipo simu ya stoo ikalia.

Walimsikia Mama Stoo akisema ndiyo, ndiyo, tangu saa ngapi, inatoka kwa wingi? Alipotokeza dirishani uso ulikuwa umebadilika. Ni zahanati ya kilimani. Mwanamke amejifungua, mtoto mzima, lakini damu haikatiki. Mkunga anasema wanamtaka hospitali sasa hivi.

Gari jingine la kubeba mgonjwa halikuwepo. Gari la Mkuu lilikuwa limeondoka na Mkuu, kumpokea mkaguzi na kumpeleka kula. Mama Stoo akampigia, akaweka sauti wazi wote wasikie. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kama linatembea, liende," alisema kwa sauti yake ileile laini. "Kama halitembei, lisiende. Mnaniuliza nini?" Akakata.

Shemeji alikwisha simama. Kwa gia moja lile gari lisingepanda kilima kile, jana lilishuka tu kwa kuwa lilikuwa linashuka. Akamtazama Mzee Lawama. Mzee Lawama alikuwa anaitazama boneti iliyofunguliwa, na hakuinuka.

Alisema maneno mengi, na aliyasema upesi. Alisema wakubwa wana magari ya kifahari mlangoni, yaende hayo. Alisema kulegeza tu hakutoshi, waya umeliwa nusu, kwa mashimo ya kilimani ungekatika njiani. Ni lazima akate kipande kibovu, aunge, alehemu, aufunge tepu na kuuhamisha, na akishafanya hivyo hakuna tena cha kumwonyesha mtu. Wakirudisha skrubu jioni, mkaguzi atasema wametoboa wenyewe, na atakuwa amesema kweli. Alisema siku zote wao ndio wanaokimbia na wakubwa ndio wanaokula, na leo, leo moja tu, amewashika shingo, asiambiwe aachie.

"Ni kazi yako inayokwenda," alimwambia shemeji. "Unanielewa? Si yangu. Yako."

"Nimeelewa."

"Basi?"

Shemeji alitupa ile sigara aliyokuwa bado hajaiwasha.

"Dada alisubiri," alisema. "Mimi nilikuwa napakua viti. Nilipakua vyote, shemeji, nikavipanga mistari, maana waliniambia nivipange. Tengeneza gari."

Hawakuwahi kuzungumza juu ya viti, hata siku moja, katika nyumba ile ya sufuria mbili. Mzee Lawama aliinuka. Alichukua koleo, akakata.

Alifanya kazi ile vizuri, na uchungu wake wote ulikuwa hapo, kwamba mikono yake haikujua kufanya vibaya. Alilichuna ganda la waya pande zote mbili, akasokota shaba kwa shaba, akalehemu, akafunga tepu kwa uvumilivu, akaubana mbali na kikalio. Ile skrubu aliing'oa na kuitia mfukoni. Akafuta kosa kwenye mashine. Taa ya chungwa ikazimika. Shemeji akageuza gari, akapita getini, na walisikia gia zikibadilika kule barabarani, moja baada ya nyingine, laini, mpaka king'ora kikazifunika.

Mama Stoo alibaki dirishani kwake.

"Ungeichomoa ile soketi asubuhi," alisema, si kwa ubaya, kama mtu anayefikiri kwa sauti. "Mkaguzi angeweza kuitwa mapema. Alikuwa hapo mjini tangu asubuhi, Mkuu alisema."

"Wao ndio walionikalisha kwenye benchi," alisema Mzee Lawama.

Ilikuwa kweli, walimkalisha. Mama Stoo hakubisha. Lakini yeye mwenyewe alijua kilichompeleka kwenye benchi lile, na alijua kwamba alipokuwa amekaa pale akipanga hotuba yake hakujisikia vibaya hata kidogo.

Mkaguzi alifika alasiri na Mkuu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye viatu vilivyojaa vumbi, mtu aliyechoka, aliyekuwa amekagua magari karakana nyingine kabla ya hapo. Aliuliza gari liko wapi. Akaambiwa limekwenda kubeba mgonjwa. Aliuliza basi taa iko wapi. Mzee Lawama akamweleza yote, na hotuba aliyoipanga ikamtoka vipande vipande, viti vikitangulia betri, betri ikitangulia sensa, mpaka Mama Stoo akalazimika kupanga upya kutoka dirishani. Akamtolea skrubu mfukoni. Akamwonyesha kipande cha waya kilicholiwa. Picha ilikuwa kwenye simu ya shemeji, na shemeji alikuwa kilimani, lakini akapigiwa na ikatumwa kwa simu ya Mama Stoo. Mkaguzi aliitazama kwa makini, akaikuza kwa vidole.

"Hii ni picha ya skrubu," alisema.

Mzee Lawama akasema gari likirudi ataikaza tena mbele yake, aone taa ikiwaka. Mkaguzi akamwuliza kwa upole kama anataka asimame hapo amtazame akitoboa waya mzima wa gari la umma, kisha aandike kwamba ametobolewa na mtu mwingine. Mkuu alikuwa ameinamisha kichwa kama aliyeko msibani. Baadaye tu, kama jambo dogo lililomjia, alimkumbusha mkaguzi kwamba fundi na dereva ni mashemeji, wanakaa nyumba moja.

Mkaguzi alishusha pumzi.

"Mzee, mimi nakuamini," alisema. "Lakini siandiki ninachokiamini. Naandika ninachokiona. Nimeambiwa gari liliharibika mkononi mwa dereva, na naona fundi amelitengeneza. Hicho ndicho kilichopo."

Kabla ya kuondoka, Mkuu aliwakusanya mafundi pale uani. Alimshika Mzee Lawama begani mbele ya wote, akampongeza. Alisema hawa ndio mafundi tunaowataka, dereva anaharibu, fundi anarekebisha siku hiyohiyo, gari linarudi barabarani, maisha yanaokolewa. Akapiga makofi mwenyewe, na wengine, kwa kuwa mkono wa Mkuu ulikuwa umekwisha anza, wakapiga. Mzee Lawama alisimama katikati ya makofi yale. Alitafuta tusi, yeye ambaye hakuwahi kukosa. Yote aliyoyajua yalikwisha tumika kwenye mabati na sabuni, yakachakaa, na lolote ambalo angelitoa wangelicheka.

Shemeji alirudi jua likiwa linaelekea kuzama. Hakuja kwanza stoo. Alisimamisha gari karibu na bomba, akafungua milango ya nyuma, akatoa machela na godoro lake la ngozi ya plastiki, akaanza kuosha damu. Mzee Lawama alimwendea akasimama, maji mekundu yakipita kati ya viatu vyake.

"Amefika?"

"Amefika anaongea. Amenitukana njia nzima. Anasema nimeyapiga mashimo yote, sikubakiza hata moja."

"Na gia?"

"Zimepanda zenyewe. Sikuzisikia, shemeji."

Mzee Lawama akaitikia kwa kichwa. Ilibidi yeye ndiye amwambie, maana Mkuu alikwisha ondoka na neno la kumwachisha dereva kazi aliliacha kwa Mama Stoo, na Mama Stoo alikataa kulibeba. Akamwambia. Alilisema lote kwa sentensi moja, bila kumtaja mtu yeyote. Shemeji aliendelea kusugua godoro. Alilisugua mpaka likawa safi, akaligeuza, akasugua na upande wa pili ambao haukuwa na kitu, akaliegemeza ukutani likauke. Alifagia ndani ya gari. Alikagua chupa ya hewa ya kupumulia wagonjwa kama imejaa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, kwa karatasi za mkaguzi hakuwa tena na kazi pale.

Kisha akapanda, akaligeuza gari likatazama geti, kama lilivyotakiwa kulala kila siku ili usiku lisipoteze muda, na akaenda kuweka ufunguo dirishani.

Mama Stoo aliutazama ufunguo ule kwenye ubao wa dirisha bila kuugusa. Dereva mwingine wa gari la wagonjwa hakuwepo, hajaajiriwa, na kuajiri ni kazi ya wakubwa, inakwenda na vikao.

"Na wakipiga simu usiku?" aliuliza.

Shemeji alikuwa ameanza kutembea. Mzee Lawama ndiye aliyejibu, akiwa anavua ovaroli.

"Waambie gari ni zima," alisema.

Akamfuata shemeji yake barabarani. Ilikuwa zamu ya mzee kupika.